Nishani za Dereva wa Maji

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Chiriku alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu mwingine: kumtia Babu dawa ya macho. Babu alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, akainua uso na kutoa macho bila kupepesa, mikono juu ya magoti, utadhani anakaguliwa kwenye gwaride. Chiriku naye alidondosha matone huku mdomo ukienda mbio. Hakupewa jina hilo bure. Alizungumza akila, akifagia, hata akipiga mswaki. Mama yake alikuwa mshonaji na alihitaji utulivu wa kupimia nguo za watu, kwa hiyo alisema siku mtoto huyu atakaponyamaza, yeye ataita daktari.

"Leo mwalimu anatufundisha habari za vita vya mpakani," alisema Chiriku asubuhi hiyo. "Nitawaambia ulikuwepo."

"Waambie," alijibu Babu, dawa ikimtiririka mashavuni. "Lakini usipige chuku. Mimi nilikuwa dereva wa lori la maji, basi."

Chiriku aliwaambia. Alisimama mbele ya darasa akaeleza jinsi Babu alivyoendesha lori la maji kutoka bohari ya magari hadi mtoni, ambako askari walikuwa wamechimba mahandaki. Barabara ilikuwa ikipigwa mizinga, lakini alikwenda na kurudi, akaenda tena, maana askari anaweza kuvumilia njaa, ila bila maji hafiki popote. Darasa lilimsikiliza kwa makini. Ndipo mvulana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye wote walimwita Kamanda kwa maringo yake, alipoinua mkono.

"Babu yangu alikuwa koplo palepale mtoni," alisema. "Ana nishani tatu. Ya vita, ya kuvuka mto na ya majeruhi. Wa kwako anazo ngapi?"

Chiriku alijibu, "Moja. Ya utumishi."

"Hiyo wanapewa wote, hata waliokaa ghalani kuhesabu matairi! Na nilishamuuliza babu kama anamjua babu yako. Nikamtajia jina kamili. Akasema hajawahi kulisikia."

Darasa liliangua kicheko. Mwalimu aliwanyamazisha, lakini kicheko kilikuwa kimeshamwingia Chiriku hadi moyoni. Hakuumia kwa sababu ya nishani moja. Aliumia kwa sababu alijikuta anajiuliza jambo ambalo hakuwahi kujiuliza: je, Babu alikuwa akimdanganya miaka yote hii?

Jioni alimkuta Babu akikaza msumari kwenye mguu wa meza ya kukatia nguo. Hakuzunguka mbuyu. Alimwambia yote, kisha akauliza, "Ulikuwepo au hukuwepo?"

Babu aliweka nyundo chini. "Nilikuwepo, mjukuu wangu. Nilipostaafu niliuliza mbona sikuandikiwa kwamba nilikuwa vitani. Wakafungua faili, wakasema nilikuwa bohari tangu mwanzo hadi mwisho. Wakaniambia nisubiri waangalie vizuri. Nikasubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka leo."

"Ndiyo maana huendi kwenye mikutano ya askari wastaafu?"

"Niende nikafanye nini? Mtu ataniuliza nilikuwa wapi, nitasema mtoni. Atatazama kifua changu, kisha atanyamaza. Ukimya huo ndio siuwezi."

Chiriku hakuwahi kumsikia Babu akisema kuna jambo asiloliweza. Alisikia uchungu, halafu akasikia hasira, na hasira ndiyo iliyomfaa zaidi. "Shule zikifungwa tunakwenda ofisini," alisema. "Mimi na wewe." Mama, aliyekuwa kwenye cherehani, alisimamisha gurudumu akamtazama baba yake. "Nenda naye, baba," alisema. "Huyu akishajifunga kibwebwe, hutapumzika humu ndani."

Likizo ilipoanza, walikwenda. Ofisi ya kumbukumbu za wanajeshi ilikuwa chumba kirefu chenye mabenchi mawili, feni iliyolalamika juu ya dari na makabati ya chuma yaliyojaa mafaili hadi milango haifungi. Kwenye mabenchi walikaa wazee waliovaa makoti safi yaliyochakaa. Karani alikuwa mama wa makamo, na alikuwa akisaka kitu kila pembe ya meza.

"Kama ni miwani, iko kichwani, mama," alisema Chiriku.

"Ahsante, mwanangu. Faili la tangu enzi hizo nalipata, miwani yangu mwenyewe inanishinda." Aliivaa, akaomba nambari ya Babu ya jeshi, akaingia katikati ya makabati na kurudi na faili jembamba. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. "Mzee, humu imeandikwa bohari ya magari, kipindi chote cha vita."

"Bohari iliniazima kwa kikosi cha mtoni, binti. Ofisa alisema kwa mdomo tu. Siku zile hakuna aliyekuwa na muda wa kuandika."

"Mimi naweza kukuamini. Ila kamati ya kurekebisha kumbukumbu haiwezi kutumia imani yangu." Karani alichukua fomu akamwelekeza. Aandike ni nishani gani anazostahili na kwa nini. Amlete shahidi aliyekuwa naye, asiyekuwa ndugu yake, na shahidi huyo ale kiapo mbele ya wakili. "Ukinipatia hayo, faili hili nitalisukuma mimi mwenyewe mpaka mezani kwao."

Walipotoka nje, Babu alisimama kivulini mwa ukuta na kuikunja ile fomu. "Shahidi nitamtoa wapi? Nilikuwa nikifika, nafungua bomba, wanajaza, naondoka. Nani atanikumbuka?"

"Namjua mmoja aliyekuwepo," alisema Chiriku. Hakupenda hata kidogo alichokuwa anakiwaza, lakini alishakiwaza.

Kamanda alipofungua geti la kwao na kumwona Chiriku, nusura alifunge tena.

"Sikuja kwako," alisema Chiriku. "Nimekuja kwa babu yako."

Koplo alikuwa uani, mzee mrefu aliyenyooka, akisimamia uoshaji wa vyombo. Ukutani, karibu na mlango wa jiko, alikuwa amebandika zamu za nyumba nzima: nani anaosha, nani anakausha, nani anapanga. Vitani ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko la kikosi, na ni dhahiri kwamba hakuwahi kustaafu kazi hiyo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umetokea wapi, mjukuu wangu?"

Chiriku alijieleza, akataja jina la Babu. Koplo alitikisa kichwa. "Jina hilo silijui. Kijana huyu aliniuliza, nikamwambia hivyohivyo. Siwezi kusema namjua mtu nisiyemjua."

Chiriku alikaribia kugeuka aondoke, kisha akajikaza. "Basi aliyewaletea maji alikuwa nani?"

"Maji?" Uso wa Koplo ulibadilika. "Maji aliyaleta Mvua."

"Mvua nani?"

"Mvua tu! Nani angepata nafasi ya kumuuliza jina? Lile lori likisikika linanguruma mlimani, watu walipaza sauti, 'Mvua hiyo!', wote tunatoka na makopo. Alikuwa kijana mwembamba, anacheka hata mizinga ikilia. Nilidhani amekufa."

Chiriku hakungoja kuaga. Alikimbia hadi nyumbani, akamshika Babu mkono bila hata kumpa nafasi ya kutafuta kofia, akarudi naye. Koplo alikuwa ametoka hadi getini kuwangoja.

"Mvua," alisema Koplo.

Babu alicheka, machozi yakimlengalenga, na safari hii hayakuwa ya dawa. "Tangu vita viishe sijaitwa hivyo. Na wewe, bado unawanyima watu chumvi?"

Walikumbatiana pale getini hadi wapita njia wakageuka kutazama. Walipokwisha kukaa na chai imemiminwa, Koplo aliuliza kwa nini Mvua hakuwahi kupewa nishani, kisha, kabla ya kujibiwa, akajipiga paji la uso.

"Sahani!" alisema. "Vita vilipokwisha, tuliamriwa kupeleka majina ya wote waliokuwa mtoni. Karani wa kikosi hakujisumbua. Alichukua orodha yangu ya chakula akainakili ilivyo. Kila aliyekuwa na sahani jikoni kwangu aliandikiwa nishani. Wewe hukula kwangu hata siku moja."

"Nilikula mkate ndani ya lori, njiani. Bohari walidhani nalishwa na nyinyi."

"Nasi tukadhani unalishwa na wao." Walicheka wote wawili, lakini kicheko cha Koplo kilikatika katikati. "Na orodha ile niliiandika mimi. Nilijisifu kwamba haina kosa. Nitakuja kwa wakili, Mvua. Nitaapa."

Kesho yake Chiriku alikaa na Babu mezani kujaza fomu. Macho ya Babu yalikuwa hayamudu tena maandishi madogo, kwa hiyo yeye alisema na Chiriku akaandika kwa mwandiko wake wa mtihani. Nishani ya vita: ndiyo. Nishani ya kuvuka mto: ndiyo. Kisha kikaja kisanduku cha tatu, nishani ya majeruhi.

Mkono wa kushoto wa Babu ulikuwa na kovu pana kutoka kiwiko hadi kiganjani. Chiriku alijua lilitoka wapi. Babu alikwishamweleza: maji ya moto ya rejeta yalimrukia gereji, miaka kadhaa baada ya jeshi. Lakini alikumbuka maneno ya Kamanda, "Ana nishani tatu," na kile kicheko cha darasa. Alifikiri, Babu amedhulumiwa miaka mingi, mstari mmoja utamdhuru nani? Babu alikuwa ameinuka kwenda kunywa maji. Chiriku akaandika upesi: *Alijeruhiwa mkono wa kushoto kwa mlipuko karibu na mto.* Babu aliporudi alionyeshwa pa kutia sahihi, akatia.

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi. Wakili alikuwa kijana mwenye tai iliyombana shingo. Alimsimamisha Koplo mbele ya meza, akamwambia kwamba kabla ya kula kiapo ni lazima asomewe anachokwenda kukithibitisha. Akaanza kusoma. Koplo aliitikia kwa kichwa: ndiyo, alileta maji, ndiyo, barabara ilipigwa, ndiyo, alikuwepo siku ya kuvuka. "Alijeruhiwa mkono wa kushoto kwa mlipuko karibu na mto," alisoma wakili.

"Nani alijeruhiwa?" aliuliza Koplo.

"Ndivyo ilivyoandikwa hapa, mzee."

Koplo alimgeukia Babu. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. "Mvua, majeruhi wote wa mtoni nawajua mmoja mmoja. Niliwanywesha chai kwa mkono wangu, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Wewe hukuwemo. Nilikuja kuapa ukweli wako. Uongo sitauapia." Alichukua kofia yake akashuka ngazi.

Babu alikuwa amefungua mdomo kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. "Mimi sikusema hivyo," alimwambia wakili. Kisha, polepole, akamgeukia mjukuu wake.

Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. "Ni mimi, Babu," alisema. "Niliandika mimi."

Babu hakumgombeza, wala hakuinua mkono. Alitembea mbele, naye Chiriku akafuata nyuma hadi karibu na nyumbani, na barabara ile haikuwahi kuwa ndefu namna hiyo. Hapo Babu alisimama.

"Miaka yote hii karatasi ilisema uongo juu yangu," alisema. "Iliniuma, lakini nililala usingizi, kwa sababu mimi sikuwa mwongo. Leo niliyemtegemea kunisafisha ndiye aliyenipaka matope, tena mbele ya mtu pekee anayenijua."

Akaingia ndani. Chiriku alibaki nje analia. Alilia mpaka akachoka, na alipochoka akaona kwamba kulia hakukumrudisha Koplo kwa wakili. Kulikuwa na jambo moja tu la kufanya. Alijipangusa uso kwa kiganja, akapiga moyo konde, akashika njia ya kwenda kwa Koplo.

Alikuta nyumba nzima imekaa kwenye chai ya jioni. Kamanda alikuwepo, karibu kabisa na babu yake. Chiriku alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Shikamoo, babu. Nimekuja kusema kwamba Babu yangu hakuongopa. Macho yake hayasomi vizuri. Niliandika mimi habari ya kujeruhiwa, naye akatia sahihi bila kujua. Lile kovu ni la gereji, na nilijua ni la gereji. Nilitaka awe na tatu kama wewe."

Kamanda, ambaye alikuwa amepata nafasi ya kumcheka mpaka achoke, aliinamia kikombe chake. Labda alikumbuka nani alianza hesabu ya nishani.

Koplo aliweka kikombe chini. "Babu yako anajua uko hapa?"

"Hajui."

"Mama yako?"

"Hajui pia. Nimekuja mwenyewe."

"Keti unywe chai," alisema Koplo. Chai ilipokwisha ndipo alipoendelea. "Kesho asubuhi tutakutana kwa wakili. Lakini usije na fomu mpya. Njoo na ileile."

"Ile iliyoharibika?"

"Ileile. Jikoni kwangu nilipokosea orodha, sikuichana nikajifanya sikukosea. Nilikata kosa kwa mstari mmoja, ili kila mtu aweze kulisoma, chini yake nikaandika lililo kweli, na pembeni nikatia sahihi. Na kosa kubwa kuliko yote sikuliona: mtu wa maji. Kesho na mimi nitaliandika la kwangu."

Asubuhi, mbele ya wakili, Chiriku alikata sentensi yake kwa mstari mmoja ulionyooka. Chini aliandika: *Si kweli. Kovu ni la gereji, baada ya jeshi. Mwombaji hakuniagiza kuandika haya.* Akatia sahihi. Babu akatia yake kando. Kisha Koplo akala kiapo, akaeleza habari ya sahani na orodha, na akasema bila kuficha kwamba aliyemwacha Mvua nje ni yeye. Wakili alipiga mhuri. Babu alimshika Chiriku bega walipokuwa wakishuka ngazi, na uzito wa mkono ule ulimtosha kujua kwamba amesamehewa.

Karani alipoipokea fomu aliisoma, hasa ule mstari uliokatwa, akaitia katika faili. Kungoja kukaanza. Shule zilifunguliwa, muhula ukachanganya. Kila wiki Chiriku alipitia ofisini akitoka shule kuuliza, na mlinzi wa getini akazoea kumtania, "Karani wetu mdogo ameingia kazini!" Mara moja aliambiwa kiapo hakikuambatanishwa, akasimama pale hadi kikapatikana katika faili la mtu mwingine. Mara nyingine kamati ilitaka picha, wakaleta picha. Babu alianza kusema waache. Chiriku alijibu kwamba walishaacha mara moja, na waliona kilichotokea.

Hatimaye waliitwa. Walikwenda wote: Babu, Mama na Chiriku, na Koplo akawakuta hukohuko na Kamanda. Meja mmoja wa kamati alitoka ofisi ya ndani akiwa na visanduku viwili vidogo. Nishani ya vita. Nishani ya kuvuka mto. Alizibandika mwenyewe kwenye koti la Babu, akarudi nyuma hatua moja, akapiga saluti. Babu aliipokea na kuirudisha, kidevu juu.

"Mzee," alisema meja, "maombi ya namna hii tunayapata kila siku. Watu huongeza. Aliyekuwa nyuma anajiweka mbele, aliyepata homa anasema alipigwa risasi. Tumezoea kusoma kwa mashaka. La kwako ndilo la kwanza ambamo tumeona mtu amepunguza, akakiri kwa mwandiko wake kwamba aliongeza. Tulipoona hivyo, na yaliyobaki tukayaamini."

Babu alimwomba karani amsomee kumbukumbu mpya, kwa sababu macho yake hayasomi vizuri. Karani aliweka miwani sawa. "Dereva wa lori la maji, aliyeazimwa kutoka bohari ya magari. Alihudumu mstari wa mbele, mtoni, kipindi chote cha mapigano."

"Tafadhali rudia, binti."

Karani akarudia, safari hii kwa sauti iliyofika hadi mabenchini. Wazee waliokuwa wakingoja zamu zao walisimama, mmoja baada ya mwingine, wengine wakijishikilia kwenye fimbo. Babu alilia bila kujificha. Mama alilia. Chiriku alimwona Kamanda akisimama nao, ametulia kabisa.

Walipokuwa wakitoka, Babu aliinama akamtazama Chiriku usoni kwa macho yake yenye ukungu.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Haki yako idai, uiandame, usichoke hata wakikwambia usubiri. Hilo umenifundisha wewe, maana mimi nilikuwa nimechoka. Lakini kisicho chako usikitie mkono, hata kama unayemtendea unampenda. Ungeniongezea ile ya tatu, hizi mbili zingekuwa uongo pia. Sasa mtu akiniuliza nilikuwa wapi, nitamjibu, na nitamwangalia machoni."

"Nimekuelewa, Babu," alisema Chiriku. Wakashika njia ya nyumbani, Babu na Koplo mbele wakibishana ni nani kati yao aliyekuwa mvivu zaidi vitani, na watoto nyuma yao.